Kupanga Filamu Fupi ya Wanafunzi Nairobi: Mwongozo Kamili, Kutoka Skripti hadi Siku ya Kurekodi

Filamu fupi za wanafunzi haziangushwi na kamera. Zinaangushwa na mazungumzo yasiyosikika, onyesho la mwisho lililorekodiwa mbiombio giza likiingia, na hadithi ya lokesheni sita iliyokabidhiwa kikundi chenye siku mbili. Matatizo haya matatu huamuliwa mezani, wiki kadhaa kabla ya siku ya kurekodi, na huko ndiko kwa kuyamaliza.

Andikeni kwa kipimo cha mlicho nacho

Kabla ya kuandika onyesho la kwanza, orodhesheni mahali mnapoweza kuingia bila kulipa na kurudi kesho yake mkihitaji: bedsita (chumba kimoja cha kupanga) ya mmoja wenu, duka la shangazi, darasa siku ya Jumamosi, paa la ploti (jengo la vyumba vya kupanga) lenye kamba za nguo. Andikeni pia waigizaji mnaoweza kuwapata kwa hakika. Hadithi itoke katika orodha hizo mbili. Kikundi kinachoandika kwanza ndipo kitafute hospitali, mahakama na kituo cha polisi hutumia mwezi mzima kuomba ruhusa, kisha hupunguza hadithi kwa shingo upande.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate. Brayo, mwanafunzi wa chuo, ametumia karo na kodi kwenye kamari ya mpira. Mama yake anafika kutoka mashambani bila kutangaza, na anakuta keateka, msimamizi wa jengo, ameshapiga mlango kufuli. Mama analipa kwa M-Pesa, mlango unafunguliwa, na ndani ya chumba ukweli unatoka. Wanamalizana paani. Waigizaji ni watatu, ploti ni moja ya mtaa wa Umoja, na sehemu za kurekodia ni tatu katika jengo lilelile: korido, chumba na paa. Kurasa ni saba.

Ukurasa mmoja uliopangwa kwa mtindo wa kawaida wa skripti, herufi za Courier ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kadirio hilo hudanganya pale penye ukimya. Mstari usemao "Mama anakaa kitandani, anaitazama karatasi ya kamari" ni maneno machache tu karatasini, lakini kwenye skrini unaweza kula nusu dakika. Someni skripti kwa sauti, mtu mmoja akiwa na saa, na mwigize hata vitendo visivyo na maneno. Ikizidi dakika kumi, kateni. Filamu ya dakika saba iliyobana hupata nafasi kwenye tamasha kwa urahisi kuliko ya dakika kumi na nane, kwa sababu mpangaji wa programu anajaza saa moja kwa filamu nyingi.

Lugha nayo iamuliwe mapema. Mama akizungumza Kiswahili cha nyumbani na Brayo akijibu kwa Sheng, tofauti hiyo tayari ni mchezo wa kuigiza. Wapeni waigizaji ruhusa ya kurekebisha maneno katika mazoezi, kisha yafungwe. Sheng iliyoandikwa na mtu asiyeiongea hujulikana katika sentensi ya kwanza. Mkitaka kuipeleka nje ya Kenya, tengeni siku mbili za kuandika manukuu.

Vunjeni skripti vipande

Gawanyeni kila ukurasa katika sehemu nane kwa rula. Onyesho la korido likichukua ukurasa mmoja na robo, liandikwe 1 2/8. Ni desturi ya kale ya kazi hii na inasaidia, kwa kuwa "onyesho fupi" kwa mwandishi na "onyesho fupi" kwa mpigapicha si kitu kimoja.

Kisha kila onyesho lipewe karatasi yake: namba, ndani au nje, mchana au usiku, waigizaji, maleba, vifaa, sauti za pekee, na jambo lolote la hatari. Kwa onyesho la korido mtaandika kufuli na funguo mbili, gunia la viazi, simu ya mama, ujumbe wa M-Pesa, sauti ya redio ya jirani. Ujumbe wa M-Pesa uchukueni kwa uzito. Mkirekodi skrini halisi, jina na namba ya mtu halisi vitaingia kwenye filamu. Tengenezeni picha ya ujumbe wenye jina la kubuni, ifunguliwe kwenye simu, na mwangaza wa skrini upunguzwe ili usiunguze picha.

Maleba yana mtego wake. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi ni mahali pazuri pa kuvalisha waigizaji kwa pesa kidogo, lakini mtumba huja mmoja mmoja. Hadithi ikitaka shati limwagikiwe chai, mtahitaji mashati mawili au matatu yanayofanana ili mrudie shoti (kipande kimoja kinachorekodiwa bila kukata), na mtumba hautawapa. Kwa vazi litakalochafuka au kuraruka, tumieni nguo mpya ya kawaida kama shati jeupe la sare au fulana isiyo na maandishi. Leso inafaa sana, kwani huuzwa doti: pande mbili zinazofanana.

Kwendeni mkasikilize lokesheni

Kikundi kinapokagua lokesheni, kila mtu hutoa simu na kupiga picha. Wachache hunyamaza. Kaeni ndani ya chumba dakika kumi, milango imefungwa, na mtu wa sauti akiwa na vipokea sauti masikioni. Fanyeni hivyo siku ileile ya wiki na saa zilezile mtakazorekodi, kwa kuwa ploti tulivu Jumanne asubuhi inaweza kuwa na spika za kanisa Jumapili, mkesha Ijumaa, na fundi wa kuchomelea siku nyingine zote.

Orodha ya maadui wa sauti Nairobi inajulikana: honi na muziki wa matatu, ndege ndogo za uwanja wa Wilson kwa aliye Lang'ata, South C au Kibera, adhana mara tano kwa siku, pampu ya tangi la maji, watoto wakirudi kutoka shuleni, jenereta stima ikipotea. Vingine mnavipangia: adhana ina saa zake, na mapumziko ya chai yanaweza kuwekwa hapo. Pampu mnaomba keateka ajaze tangi alfajiri. Friji mnaizima, na ufunguo wa nyumba mnauweka ndani yake ili msiondoke kabla ya kuiwasha tena.

Mabati hayana dawa. Mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna maikrofoni itakayookoa mazungumzo. Kama mnarekodi Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, chagueni chumba chenye zege juu, tena kisiwe cha ghorofa ya mwisho. Mwangwi una tiba nafuu: blanketi nzito mbili zikitundikwa nje ya fremu na mkeka sakafuni hubadilisha kabisa chumba kitupu cha kuta za saruji.

Pimeni chumba kwa futi ya fundi. Upana unaoonekana ni upana wa sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ukigawanywa kwa urefu wa lenzi, mara umbali. Kwa kamera yenye sensa ya milimita 36 na lenzi ya 50, ukisimama mita 2 kutoka kwa mwigizaji unaona mita 1.44 tu, yaani mtu mmoja na bega la mwingine. Lenzi ya 24 hapohapo inaonyesha mita 3. Katika bedsita ya mita tatu kwa tatu, hesabu hii ndiyo inayowaambia kama shoti ya watu wawili inawezekana au ni ndoto. Mlango ukitoka kwenye bawaba kwa ruhusa ya mwenye nyumba, kamera inapata nusu mita zaidi.

Jua la Nairobi

Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi na tano hivi, na huzama takriban saa kumi na mbili baadaye, mwaka mzima. Hapa karibu na ikweta huanguka wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wa jioni haukai. Hesabuni dakika arobaini zinazotumika, na ishirini za mwisho ndizo bora.

Utosi wa jua si saa sita kamili, ni kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo kulingana na mwezi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa nyuso hupata vivuli vyeusi machoni. Wakati huo rekodini ndani, au tandazeni shuka jeupe juu ya mwigizaji. Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini, hivyo dirisha linaloelekea kaskazini huingiza jua Juni na halioni kitu Desemba. Anayekagua lokesheni Mei kwa ajili ya kurekodi Novemba akumbuke hilo. Julai na Agosti huwa na mawingu na baridi, na kwa drama huo ni mwanga mzuri: laini, haubadiliki haraka, na maonyesho huungana bila shida.

Vibali, na hatari moja kubwa

Anzeni wiki tatu au nne kabla, mkiwa na barua ya chuo yenye muhuri, muhtasari wa hadithi wa ukurasa mmoja, orodha ya watu na tarehe. Kurekodi filamu kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na leseni huombwa kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Bodi hiyohiyo ndiyo huipa filamu daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani: GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18 (umri wa chini wa mtazamaji). Barabara na bustani za umma zinahitaji pia ruhusa ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Msitu wa Karura ni wa Huduma ya Misitu, mbuga ni ya KWS, Huduma ya Wanyamapori, stesheni ni ya Shirika la Reli. Droni inahitaji idhini ya KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa maoni yetu iacheni: picha ya jumba la mikutano la KICC kutoka angani haijawahi kuokoa hadithi iliyolegea.

Nyumba ya mtu binafsi inahitaji barua iliyosainiwa na mwenye nyumba, si mpangaji peke yake. Keateka aelezwe uso kwa uso, na majirani wa ghorofa hiyo wapewe taarifa siku mbili kabla. Mkiwa korido, mwenye nguvu ni jirani mwenye redio. Kila anayeonekana na kutambulika asaini fomu ya kukubali. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaangukia hapo. Mtoto asainiwe na mzazi, na mzazi awepo siku ya kurekodi.

Muziki usiuweke kwa kutumaini kwamba hakuna atakayeuliza. Tamasha litauliza. Redio ya jirani katika mfano wetu iwe wimbo wa mwanafunzi mwenzenu aliyeandika ruhusa, au mazungumzo ya redio mliyoigiza wenyewe.

Sasa hatari yenyewe. Msirekodi wizi, utekaji au ufyatuaji wa risasi mahali wazi bila polisi wa kituo cha eneo hilo kuarifiwa kwa maandishi na watu wa mtaa kujua. Umati wa Nairobi ukisikia "mwizi!" hausubiri kuona kamera, na askari asiye na taarifa akiona bunduki ya plastiki ataiona bunduki. Sare za polisi na nguo za madoadoa ya kijeshi ni kosa kwa raia kuzivaa bila idhini. Andikeni upya onyesho hilo ili litokee ndani, au lisikike tu nyuma ya mlango. Mara nyingi linakuwa na nguvu zaidi.

Watu

Saba wanatosha nyuma ya kamera: mwelekezi, mtayarishaji ambaye pia ni msaidizi wa kwanza wa mwelekezi, mpigapicha, msaidizi wa kamera na taa, mtu wa sauti, mtu wa mwendelezo, na mmoja wa maleba na vifaa. Mwelekezi asishike kamera. Akiishika, ataangalia ukali wa picha na atakosa kuona kwamba mwigizaji amedanganya. Mtu wa sauti asipewe kazi ya pili kabisa.

Mtu wa mwendelezo hupiga picha mwisho wa kila shoti: kikombe kilikuwa mkono gani, vifungo vingapi vimefungwa, gunia limeegemea wapi. Mama akishika simu kwa kulia katika shoti pana na kwa kushoto katika shoti ya karibu, mhariri hana la kufanya.

Waigizaji wafanye mazoezi walau mara tatu, moja ikiwa ndani ya chumba chenyewe. Wa jukwaani wana sauti ya kufika safu ya mwisho. Wakati wa mazoezi kaeni mita moja kutoka kwao na waombeni waongee na nyinyi tu. Kama hakuna malipo, nauli, chakula na nakala ya filamu viandikwe kwenye makubaliano.

Shoti na ratiba

Kila onyesho lichoreeni ramani kutoka juu: kuta, kitanda, dirisha, watu. Chora mstari kati ya wahusika wawili na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, la sivyo wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Kisha andikeni shoti. Kwa mfano wetu: korido 8, chumba 18, paa 7. Jumla ni 33.

Kila kusimika kamera upya, pamoja na taa, mazoezi mafupi na teki (marudio ya shoti ileile) tatu au nne, kwa wanafunzi huchukua dakika 25 hivi. Mara 33 ni dakika 825, yaani karibu saa 14 za kazi tupu. Siku ya saa kumi, ukitoa saa moja ya kupanga na moja ya chakula, inabaki na saa nane, shoti 19. Kwa hiyo ni siku mbili, bila anasa. Kikundi kisichopiga hesabu hii hujipangia siku moja na kugundua ukweli saa kumi jioni.

Siku ya kwanza iwe korido asubuhi na paa kuanzia saa tisa alasiri. Siku ya pili iwe chumba. Sababu ni mbili: mvua ikinyesha siku ya kwanza mnaingia chumbani mara moja na kubadilishana siku, na pia onyesho zito la mama na mwana linawakuta waigizaji wakiwa wamezoeana. Paani, anzeni na shoti za karibu, kwa kuwa mwanga wake unaweza kusaidiwa kwa shuka, na shoti pana zenye anga ziwekwe mwisho, jua likishuka.

Tieni nyota shoti ambazo filamu haiwezi kuishi bila hizo. Muda ukiisha, zisizo na nyota ndizo zinazokatwa, na uamuzi haufanywi kwa hasira.

Kuhama lokesheni kunaua ratiba. Kutoka Umoja hadi Ngong Road mkiwa na vifaa ni nusu siku ukijumlisha kufungasha na foleni. Kuhama kuwe mara moja kwa siku, na ikiwezekana kusiwepo.

Jioni ya kuamkia kurekodi, kila mtu apate karatasi ya siku: mahali penye alama ya kueleweka, saa ya kila mmoja kufika, maonyesho kwa mpangilio, namba za simu, hospitali ya karibu, saa ya kumaliza. Saa ziandikwe kwa namna mbili, "saa 1:00 asubuhi, 07:00", kwani katika kundi moja la WhatsApp kuna wanaosoma saa moja kama saa saba mchana. Anayeishi mbali asimalize kazi saa nne usiku bila nauli na mtu wa kumsindikiza. Onyesho la usiku la ndani rekodini mchana, dirisha likizibwa kwa blanketi nyeusi kutoka nje.

Mipangilio ya vifaa

Stima yetu ni hezi 50. Rekodini fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, vinginevyo balbu za bei rahisi zitapepesa kwenye picha. Nje mchana kwa ISO 100 na f/4, shata hiyo huunguza picha kabisa. Chukueni kichujio cha ND32, kioo cheusi cha kupunguza mwanga kinachowekwa mbele ya lenzi. Simu ikitumika, tumieni programu inayofunga idadi ya fremu. Programu za kawaida za simu huibadilisha zenyewe, na sauti iliyorekodiwa pembeni huteleza polepole hadi midomo na maneno viachane.

Sauti iwe kilohezi 48, biti 24, kilele karibu na desibeli -12. Maikrofoni ya bumu (inayoshikwa kwa mti mrefu) iwe sentimita 45 hadi 60 kutoka mdomoni, juu tu ya fremu. Katika kila lokesheni rekodini ukimya wa mahali kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama tuli.

Stima ya ploti huwa ya tokeni, yaani inalipiwa kabla ya kutumiwa. Taa mbili za LED za wati 150 kwa saa nane hutumia yuniti 2.4. Nunueni tokeni kabla, mmpe mwenye chumba, na muwe na betri za kutosha stima ikipotea.

Pesa na nakala

Chakula kiandikwe kwanza. Watu kumi kwa siku mbili ni sahani 20 za mchana na vipimo 40 vya chai na mandazi. Mkipata sahani kwa shilingi 200 na chai kwa 50, ni 4,000 na 2,000, jumla 6,000. Zungumzeni na mwenye kibanda siku moja kabla, alete saa saba kamili; chapati ndengu iliyofika saa tisa imeshawagharimu shoti nne. Fuatisheni nauli, kukodi vifaa, tokeni, vibali, maleba, hadi diski, kisha ongezeni asilimia 10 ya dharura na pesa hizo zikae kwa mtayarishaji.

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 haifiki saa moja na nusu. Mnapokula mchana, mtu mmoja anakili kadi kwenye hadi diski mbili tofauti, anafungua faili chache kuona kama zinacheza, kisha anabandika utepe mwekundu kwenye kadi. Diski hizo mbili zisiende nyumbani kwenye begi moja. Kadi isifutwe hadi mhariri athibitishe kwamba faili zote, za picha na za sauti, zimefunguka kwenye kompyuta yake.